Binti wa nne

Juzi mke wangu kajifungua binti wa nne, alhamdulillahi. Shangazi akapiga simu. Shikamoo sijaimaliza, anauliza: "Huyo mkeo hajui kuzaa wavulana?"

Nikamwambia, shangazi, kama kuna kosa basi ni langu. Binadamu ana kromosomu 46, vile vinyuzi vya kurithi ndani ya seli, yaani jozi 23, na jozi moja ndiyo ya jinsia. Za jinsia ziko aina mbili, X na Y. Yai la mama hubeba X tu. Mbegu ya baba huja na X au Y. Ikiwahi yenye Y, kwa kawaida ni mvulana. Mwanasayansi Nettie Stevens aliligundua hilo mwaka 1905 kwa kuchunguza wadudu wa unga, wadudu jamani!

Shangazi kimyaaa. Kisha: "Basi mwanangu, wewe ndiye wa kupelekwa kwa mganga."