Swichi namba tatu pale Shimanzi

Hii ni ya kitambo kidogo, enzi zile KRA, watu wa ushuru Kenya, bado wanatumia mfumo wa kompyuta wa Simba kupasisha entry za forodha, na mimi ndo nimeanza kazi ya netiwaki chini ya ami mmoja wa Tudor ambaye mpaka leo namwita mwalimu wangu. Tukaitwa ofisi moja ya clearing, ya kutoa mizigo bandarini, hapo Shimanzi, Mombasa, joto la kaskazi hilo, AC ya chumba cha seva imekufa wikendi nzima, na kwenye staki ya swichi nne, yaani vile visanduku vya kuunganisha kompyuta vilivyofungwa pamoja vifanye kazi kama kimoja, ya tatu imezima kabisa. Feni yake ilikuwa imeganda vumbi na chumvi, haizunguki hata ukiisukuma na kidole.

Zile tatu zingine zilikuwa zapiga kazi kama kawaida, maana kebo za staki hufungwa kwa mzunguko, moja ikifa data inapitia upande wa pili, spidi ya staki tu ndo inashuka nusu. Shida ni kwamba watu wa dokumentesheni wote walikuwa kwenye hiyo ya tatu, kontena ziko bandarini storeji yahesabika, na bosi wao amesimama mlangoni, "Si mchomeke tu hiyo mpya jamani!"

Hiyo "mpya" ilikuwa imeletwa na basi la usiku kutoka tawi lao la Nairobi, modeli ileile, lakini ishatumika. Ami akamwambia, "Mzee nipe nafasi, hapa tukienda pupa jengo lote litazima."

Akaiweka mezani peke yake, akachomeka kebo ya konsoli, ile ya kuingia ndani ya swichi kwa kompyuta, akaniita, "Njoo uone mwanangu." Priority 15! Hiyo ndo namba ya kuamua nani awe masta, yaani swichi inayoongoza wenzake, na 15 ni ya juu kabisa, kumbe huko ilikotoka ndo ilikuwa masta. Sasa ukiiunga na staki ikiwa imewashwa inagombania umasta na inashinda, zile tatu zinajizima na kuwaka upya zikifuata konfigi, yaani mipangilio, ya Nairobi. Hapo ndo nikaelewa kwa nini amekataa haraka, na kusema kweli mafundi wengi wangetishika na makelele ya yule bosi.

Akafuta konfigi ya zamani, akashusha priority ikawa 1, akaipa namba 3, akapakia softiwea toleo lilelile la wenzake, na hii ndo ilikula muda, twatazama tu alama za mshangao zikijaza skrini. Halafu akaizima, tukaifunga kwenye raki, kebo za staki, ndo akawasha.

Ikasoma Initializing, ikaja Ready, porti zikajichukulia konfigi zote za ile iliyokufa, sababu masta alikuwa amezishika kwa namba 3. Kule nje dada mmoja akapiga kelele, "Simba imefunguka!", bosi akaagiza madafu. Ami hata hakugeuka. Akanambia tuangalie porti za staki kwanza, na kweli moja iko Down, skrubu ya kebo haijakaza. Akapenyeza mkono nyuma ya raki, jasho lamtiririka, akaikaza mpaka zote zikasoma OK, ndo akakubali dafu lake.