Jinsi nilivyomkalisha shetani kando ya maembe

Katika mchoro wangu wa vitu vya mezani, tatizo lilikuwa hili: maembe na birika la shaba yalitoka vizuri, lakini kila kiumbe wa njozi niliyemwongeza alionekana kama stika iliyobandikwa. Jibu nililipata kwa wachoraji wa Uholanzi wa karne ya 17. Walikusanya katika chombo kimoja maua yanayochanua misimu tofauti, na macho yanakubali kwa sababu mwanga ni mmoja.

Basi nikafinyanga kishetani wa udongo, wa jamii ya wale mashetani wa Kimakonde ambao msanii George Lilanga aliwachora kwa rangi kali hapa Dar. Nikamweka mezani pamoja na maembe, dirisha moja tu likiwa wazi. Kwanza nilichora kwa kahawia na nyeupe peke yake, mpaka vivuli vyote vikaelekea upande mmoja. Muhimu kuliko yote ni ule mstari mwembamba wa giza pale mguu unapogusa meza. Bila huo, kiumbe huelea. Kisha njano ya embe nikaiakisi tumboni mwake, na sura yake nikaionyesha kwenye shaba ya birika. Mabawa, ambayo udongo haukuyaweza, niliyaongeza mwisho kwa rangi ya mafuta iliyo nyepesi. Sasa najaribu njia hiyohiyo kwa samaki wa soko la Feri.