Tangazo la nabii katikati ya habari ya udaku

Mimi ndiye ninayeshughulika na matangazo kwenye tovuti moja ya habari za wasanii hapa Dar. Jina lake nalihifadhi, maana mshahara bado unatoka huko huko. Juzi tulipandisha habari ya msanii wa injili aliyeachana na mumewe, udaku wa kawaida tu, na kati ya aya ya pili na ya tatu likajikalia tangazo la kundi la kidini ambalo watu hawalisemi vizuri: wagonjwa kuambiwa waache dawa, waumini kuuza viwanja ili watoe sadaka. Picha ya kiongozi kanyoosha mkono, kitufe cha kijani chini yake, bofya upate muujiza.

Haikufika saa sita mchana, WhatsApp yangu imejaa. Shangazi yangu wa Tanga alinitumia picha ya ukurasa: "Mwanangu, na nyie mmeingia kwa huyo baba?" Nikamwambia, shangazi, hilo si letu, ni tangazo. Akajibu: "Sasa kama si lenu, limefikaje kwenu?"

Mhariri alikuwa na jibu tayari: limeingia kwa bahati mbaya. Akafungua simu yake kuthibitisha, na kweli, pale pale kwenye nafasi ile yeye alikuwa anaona viatu vya kike. Watu wengi hawalijui hili. Kila unapofungua ukurasa, nafasi ya tangazo inapigwa mnada papo hapo, chini ya sekunde moja, na anayeshinda ndiye anayekaa mbele ya macho yako. Wewe unaona nabii, jirani yako anaona viatu, na sisi wenye tovuti hatuoni lolote mpaka msomaji apige kelele.

Ila hiyo bahati mbaya mimi siikubali. Kwenye AdSense, mfumo wa matangazo ambao Google waliuanzisha 2003 na ambao tovuti ndogo nyingi zinautegemea, kuna sehemu ya kuzuia matangazo kwa makundi. Dini ni kundi mojawapo, pamoja na siasa, utafutaji wachumba na dawa za kupunguza uzito. Liko wazi mpaka ulifunge mwenyewe. Na ukilifunga, wanajimu bado wanapita, kwa kuwa wao wamewekewa kundi lao. Upande wa pili, Google hawamruhusu mwenye tangazo kukufuata kwa kigezo cha imani yako, lakini anaweza kuchagua aina ya kurasa, maneno yaliyomo, hata tovuti yenyewe kwa anwani yake. Kwa hiyo aliyelipia kukaa kwenye kurasa za muziki wa injili amepewa kurasa za muziki wa injili. Mashine haikupotea njia.

Na tusidhani kila mara ni mashine. Tarehe 14 Januari 2013 jarida la The Atlantic la Marekani liliweka kwenye tovuti yake makala ya kulipiwa ya Kanisa la Scientology, kundi la kidini lililoanzia huko huko Marekani, ikimsifia kiongozi wao David Miscavige na makanisa mapya aliyofungua. Mwandiko na mpangilio vilifanana na makala za jarida, tofauti ilikuwa kibandiko kidogo cha rangi ya njano. Ajabu zaidi, maoni ya wasomaji yalikuwa yanachujwa na watu wa masoko wa jarida. Usiku ule ule wakaiondoa, kesho yake wakaomba radhi. Pale hapakuwa na mnada. Kuna mtu alipokea oda, mwingine akaipanga, mwingine akabonyeza. Na walikuwa wanajua ni kundi gani: Ufaransa mahakama ilikuwa imeshalitia hatiani kwa ulaghai mwaka 2009. Kwa tovuti za burudani kishawishi ni kikubwa zaidi, kwa sababu wafuasi wake kama mwigizaji Tom Cruise wenyewe ndio habari.

Huku kwetu jambo hili lina uzito mwingine. Tangu 2023, miili zaidi ya 400 ilipofukuliwa msitu wa Shakahola, Kilifi, ya waumini wa mhubiri Paul Mackenzie walioambiwa wafunge mpaka wakutane na Yesu, mtu akiona sura ya "baba" asiyemwelewa kwenye simu anashtuka. Mahubiri ya Mackenzie yalikuwa YouTube, mahali pa kawaida kabisa. Simzungumzii mchungaji anayetangaza mkutano wa Pasaka uwanjani. Huyo alipie, akae, Mungu ambariki.

Nilichofanya: niliizuia anwani ya tovuti ya lile kundi. Wakarudi kwa anwani nyingine, picha ile ile, kitufe kimebadilika rangi tu. Nikazuia tena. Nikamwomba mhariri tufunge kundi zima la dini, hata kama Google wenyewe hawaahidi kunasa kila tangazo. Akakataa. Desemba matamasha ya injili yanatangaza kwa fujo, na fedha ile ndiyo inayolipia intaneti ya ofisi. Nikapendekeza basi turuhusu wale wa matamasha kwa mkataba wa moja kwa moja, tuwajue kwa sura na namba za simu, mlango wa mnada tuufunge. Amesema atafikiria. Shangazi naye bado anasubiri jibu lake.