Majasusi wa vitabuni na kibanda changu cha uwakala

Kazi yangu ni kuweka na kutoa pesa za simu. Kibanda kipo Mbagala, si mbali na Rangi Tatu, na siku ikichangamka droo inabeba pesa ambazo mtu mwenye nia mbaya anaweza kuzikalia kikao. Wateja wakinikuta dirishani na riwaya ya kijasusi huniambia napoteza muda. Mimi naamini vitabu hivyo vimenilinda kuliko kufuli.

Sizungumzii ngumi na bastola. Nimekua na Willy Gamba wa Elvis Musiba, mpelelezi anayepukutisha maadui na bado suti haikunjiki. Kusoma raha, kuiga haiwezekani. Ila hadithi zile zilikuwa na mahali pa kusimama, maana Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa na majasusi kweli. Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi huru za Afrika, ilikuwa na makao hapa tangu 1963, wapigania uhuru wa Msumbiji, Angola na Afrika Kusini walipishana mitaani, na waliokuwa wakiwatawala walitaka kujua nani anapanga nini. Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa hapahapa Dar, Februari 3, 1969, kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu na kuletwa kama kifurushi cha kawaida. Hakuna aliyevunja mlango. Kilipita njia ambayo barua zake hupita kila siku.

Hilo la mlango uliozoeleka ndilo nililokuja kulitumia zaidi. Tapeli wa simu haji na kisu. Anakuja kama mteja, kama ndugu, au kama ofisi.

Mmoja alinipigia mchana, sauti tulivu, Kiswahili cha kiofisi. "Dada, pole na kazi. Napiga kutoka makao makuu, kitengo cha mawakala." Akanitaja jina. Akanitajia namba yangu ya uwakala. Akanipa pole kwa mtandao uliosumbua asubuhi, na kweli ulisumbua. Kuna muamala wangu umekwama, akasema, nibonyeze tarakimu atakazonitajia ili urudi.

Kwenye riwaya nzuri za kijasusi, hasa za waandishi waliowahi kuifanya kazi hiyo kama John le Carré, aliyepita MI5 na MI6, mashirika ya ujasusi ya Uingereza, mtu wa bandia hatengenezwi kwa uongo mtupu. Anatengenezwa kwa ukweli mwingi, halafu uongo mdogo unapachikwa katikati. Kwa hiyo nilipokuwa namsikiliza yule bwana nilijiuliza jambo moja: anajua nini ambacho mpita njia hakijui? Jina langu lipo kwenye bango. Namba ya uwakala ipo kwenye bango, tena kwa herufi kubwa. Mtandao kusumbua, Mbagala nzima ilikuwa inalalamika. Yaani alikuwa ananisomea kibanda changu.

"Sawa kaka," nikamwambia, "nakata, nitapiga mwenyewe huduma kwa wateja."

Utulivu ukamtoka. Nikikata laini inafungwa, pesa zinapotea, na yeye hatahusika. Haraka ile ilinitosha. Nikakata, nikapiga huduma kwa wateja, wakaniambia hakuna mtu wao aliyenipigia. Namba yake nikaituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli. Siku hizi hata mteja akinionyesha ujumbe kwenye simu yake kwamba pesa imeshaingia, naangalia salio langu kwanza, hata awe mzee wa heshima. "Shikamoo mzee, nipe dakika moja," kisha naangalia. Wengine hununa. Wanune tu.

Jambo la pili ni barabara. Wakala mmoja wa mtaa wa jirani aliporwa akipeleka pesa benki, na waliompora hawakuwa na kazi ya kumfuata. Walimsubiri. Alikuwa akipita saa ileile, na bodaboda yuleyule, na mkoba uleule mweusi aliokuwa akiukumbatia kama mtoto mchanga. Vitabuni jasusi huzunguka mji mzima kabla ya kwenda anakokwenda, na nilidhani ni mbwembwe za mwandishi mpaka nilipoelewa utaratibu wake. Hazunguki ovyo. Kila anaposimama pana sababu ambayo mtu yeyote angekuwa nayo, na hageukigeuki nyuma, kwa sababu anayegeukageuka ameshajitangaza. Kusimama kunampa nafasi ya kuona nani naye kasimama.

Kwa hiyo natoka mara asubuhi, mara mchana jua kali, na naepuka jioni. Pesa huwekwa kwenye kapu, juu nafunika mchicha. Napitia kwa fundi cherehani kuulizia nguo, napitia duka la dawa, nanunua embe. Zamu moja nilimwona kijana wa kofia ya buluu pale Zakhem, kisha nikamwona tena nje ya duka la dawa akiwa hana anachokinunua. Nikaingia duka la vifaa vya ujenzi la mama ninayefahamiana naye, nikapiga soga za bei ya saruji mpaka yule kijana akapotea. Pengine alikuwa anamsubiri mchumba wake. Sikupungukiwa kitu, isipokuwa najua bei ya saruji.

Kuhusu kuficha pesa, somo langu ni la mtu wa kweli. Aldrich Ames wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, aliwauzia Wasovieti, na baadaye Warusi, siri za shirika lake kuanzia 1985 mpaka alipokamatwa Februari 1994. Alama za chaki alizochora kwenye sanduku la barua huko Washington kuwapa ishara zilikuwa za kimyakimya kabisa, lakini alinunua nyumba ya dola 540,000 kwa pesa taslimu na akawa anaendesha Jaguar, kwa mshahara wa serikali. Uswahilini huwezi kuficha hata friji. Likifika, nusu ya mtaa inasaidia kulishusha na nusu nyingine inauliza limegharimu ngapi. La kwangu nililinunua zamu yangu ya upatu ilipofika, na nikamtangazia kila aliyelibeba kwamba ni pesa ya upatu. Ilikuwa kweli, ndiyo maana ilikuwa rahisi kuisema bila kigugumizi.

Kuna bei niliyolipa, siifichi. Ukisoma vitabu hivi sana unaanza kumshuku hata anayekuomba maji. Mama alishaniambia nimekuwa kama polisi, na shoga yangu wa kibanda cha pili alikasirika alipogundua sijawahi kumwambia naenda benki lini. Nilimweleza kwamba asichokijua hawezi kubanwa akiseme. Hakufurahi, ila tunapikiana chai kama kawaida. Kwenye kushuku nimejiwekea mpaka: nakagua maneno, namba na pesa, lakini mteja nampa salamu yake kamili. Biashara hii ni salamu.

Ninalolipenda kuliko yote ni la Oleg Gordievsky, ofisa wa KGB, shirika la ujasusi la Wasovieti, aliyekuwa akiwafanyia kazi Waingereza kwa siri. Julai 1985, alipobanwa Moscow, alikwenda kusimama mtaani na mfuko wa plastiki wa duka la Safeway, na Mwingereza akapita mbele yake akitafuna chokoleti, ishara kwamba ameonekana. Baada ya siku chache alivushwa mpaka kuingia Finland ndani ya buti la gari. Mpango huo ulikuwa umeandaliwa miaka kadhaa kabla.

Nami nikataka ishara iliyoandaliwa mapema, nikampigia dada yangu aliyeko Tanga. Tukakubaliana kwamba yeyote kati yetu akipigiwa kwa namba ngeni na kuambiwa ndugu kapata ajali, pesa itumwe haraka, aulize kwanza: "Paka amerudi?" Jibu sahihi ni "Sisi hatufugi paka." Tapeli angesema amerudi, au angesema bado. Swali hilo liliwahi kufanya kazi: mtu alimpigia dada akilia kwamba ni mimi, akaulizwa, akajibu paka mzima kabisa.

Naliandika hapa kwa sababu tumeshalibadilisha. Mpwa wangu wa darasa la pili alinogewa, akawa anamuuliza kila mgeni aliyebisha hodi kama paka amerudi, na jirani mmoja mwema akawaletea paka.