Impreza ya moshi mweusi: nilivyoufuata ugonjwa hadi kwenye soketi

Subaru Impreza yangu ni ya miaka ya tisini, yenye injini ya lita mbili na tabo, ile feni inayoshindilia hewa kwenye injini. Niliinunua hapahapa Malindi ikiwa imeshachezewa: eksozi nene, ea klina ya wazi, na ile vali inayopiga "pshaa" ukiachia mafuta. Vijana wa Barani huijua kwa mlio kabla hawajaiona.

Tatizo ni kwamba ilikuwa inakunywa. Kwenda Mombasa na kurudi ni kilomita 240 hivi, na kwa safari hiyo tangi lilikuwa linakauka. Nyuma moshi mweusi, harufu ya petroli inaganda kwenye nguo, na gari likisimama injini haitaki kushuka chini ya mizunguko 1,500 kwa dakika, hata ikiwa moto. Petroli inataka kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ili iungue yote. Yangu ilikuwa inapata hewa pungufu ya hapo, au petroli zaidi ya hapo, na kazi ilikuwa kujua ni kwa amri ya nani.

Nikaanza na plagi. Pistoni za injini hii zimelala ubavu badala ya kusimama, kwa hiyo plagi ziko ubavuni, zimebanwa na bodi, na kuzitoa ni kuchubuka vidole tu. Zote nne zilikuwa nyeusi ti, masizi makavu yanayofutika kwa kidole. Ukavu ule ulinipa moyo, maana yangekuwa na majimaji ya oili ningeanza kuhofia ringi za pistoni. Kufanana kwake nako kulikuwa na maana: injekta moja, yaani kinyunyizio cha petroli, ikivuja, huchafuka plagi moja. Zikichafuka zote sawasawa, kosa liko kwa yule anayezigawia zote.

Ushauri wa bure haukukosekana. Kijana mmoja wa gereji aliangalia moshi mara moja tu akasema, "Ami, hii ni pampu. Nunua nyingine tu, tusipoteze muda." Nikamwambia tupime kwanza, kununua hakukimbii.

Mpira mwembamba unaokwenda kwenye regyuleta ya petroli, ile inayodhibiti msukumo wake, niliuchomoa nikaunusa. Ngozi ya ndani ya regyuleta ikipasuka, petroli hupita kwenye mpira huo na kunyonywa na injini moja kwa moja. Ulikuwa mkavu. Nikahamia sensa ya oksijeni kwenye eksozi na mita ya umeme. Injini ikiwa moto, sensa ya aina hii hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia. Juu maana yake petroli imezidi, chini hewa imezidi. Yangu ilikwama juu ya 0.8. Hapo wengi huilaumu sensa na kwenda dukani. Mimi nilichomoa mpira mmoja wa vakyumu makusudi ili hewa ya pembeni iingie, na mita ikashuka papo hapo. Sensa ilikuwa nzima, inasema kweli, ila haina anayeisikiliza.

Kilichonifumbua macho ni swichi ndogo chini ya usukani. Mwenye gari wa kwanza aliniambia ni ya feni ya rejeta: ukiingia mjini kwenye msongamano, iwashe. Sikuwa nimejiuliza kwa nini feni iwashwe kwa mkono wakati kwenye gari hili kompyuta ya injini ndiyo huiwasha maji yakipata moto. Kwa nini haiwashi? Kwa sababu haijui kama maji yamepata moto. Na kompyuta inayoamini injini ni baridi huongeza petroli na kupandisha mizunguko, kama ilivyofanya yangu. Kipimo cha joto kwenye deshibodi kilikuwa sawa siku zote, lakini hicho kina sensa yake nyingine.

Sensa ya maji ya kompyuta hupunguza ukinzani kadiri joto linavyopanda: kama omu 2,500 kwenye nyuzi 20, na 300 hivi kwenye nyuzi 80. Injini ikiwa moto niliipima yenyewe, ikasoma 320. Nzima. Kisha nikairudishia soketi, yaani kiungio cha waya zake, nikaenda kupima waya zilezile upande wa kompyuta: 1,400! Omu zaidi ya elfu moja zilikuwa zimeingia njiani, na kompyuta ikawa inasoma nyuzi 35 hivi, yaani gari lililolala kivulini.

Soketi ilikuwa imejaa kutu ya kijani. Gari hili limelala miaka karibu na bahari, na kusi ikivuma hapa hata kufuli la geti hudai oili. Nilikata waya mpaka nikafika kwenye shaba inayong'aa, nikaunga soketi ya gari bovu kwa risasi, nikaipaka grisi. Injini ilipopata moto, feni iliwaka yenyewe na mizunguko ikashuka hadi 750.

Moshi ulibaki kidogo, kila nikibadilisha gia. Huo ulikuwa wa ile "pshaa". Hewa ile imeshapimwa na kipima hewa kule mwanzo na petroli yake imeshamwagwa, halafu vali inaitupa nje. Nilirudisha vali ya kiwandani inayoirejesha hewa kwenye bomba kabla ya tabo. Vijana wamenuna, lakini petroli nanunua mimi.

Kijiti cha oili nacho kilinuka petroli, kwa hiyo oili nilimwaga yote na kuweka mpya kabla ya kulijaribu gari barabarani, kuvuka daraja la Sabaki hadi Mambrui. Plagi nilizofungua baadaye zilikuwa za kahawia iliyopauka. Sasa nazipitia soketi nyingine moja moja, nikianza na ya kipima hewa, maana nayo imeshaanza ukijani.