Nahodha wetu anastaafu, na habari nyingine za wenzangu wa Buyu

Mwezi huu ubao wa matangazo pale kazini umejaa karatasi. Wawili wamepandishwa cheo, mmoja anakwenda masomoni, mmoja amerudi, maabara imepata mtu mpya, na nahodha wa boti yetu anafikisha miaka 60, kwa hiyo anastaafu. Nilizisoma zote. Za wahadhiri zilieleza mada za tafiti zao, vyuo walivyosoma na makala walizochapisha. Ya nahodha ilikuwa mistari mitatu na tarehe. Nimeona niandike mimi iliyobaki.

Ninafanya kazi ya fundi sanifu wa maabara katika Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ile iliyopo huku Zanzibar. Majina ya wenzangu sitayataja, kwa sababu hawakunituma niwaseme, lakini waliopita kwetu watawatambua tu.

Kwa wasioijua taasisi: ilianzishwa mwaka 1978, katika jengo la Barabara ya Mizingani, Mji Mkongwe, ukingoni mwa bahari. Jengo lile kabla yake lilikuwa la shirika la utafiti wa uvuvi wa baharini la Afrika Mashariki, ambalo lilikufa Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Wazee waliotufundisha kazi walikuwa wakisimulia habari za makabati waliyoyakuta mle, na chupa za samaki waliohifadhiwa zikiwa na vibandiko vya wino uliofifia. Siku hizi shughuli zetu nyingi ziko Buyu, kusini ya mji, na ukisimama ufukweni unaiona Chumbe na mnara wake wa taa wa mwaka 1904.

Sasa nahodha.

Huyu bwana alianza kama baharia wa kawaida, wa kuchota maji kwenye boti na kubeba mitungi ya wazamiaji. Skuli hakwenda mbali. Lakini hakuna mwanafunzi wa uzamili aliyefanya kazi ya matumbawe upande huu wa magharibi ya Unguja bila kupelekwa na yeye. Bawe, Changuu, Chapwani, Chumbe, mpaka Kwale kule Ghuba ya Menai, kila mwamba anaujua kwa kina chake, kwa mkondo wake, na kwa saa ambayo maji yake yanakuwa safi ya kuonea. Ukimwambia unataka kwenda Jumatano anakuuliza kwanza mwezi uko wapi. Wakati wa bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mkondo unakimbia na mchanga unatimka, huoni hata mkono wako vizuri. Wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mtu anaweza kukaa chini, akatandika tepu yake na kuhesabu matumbawe kwa utulivu. Watafiti wengi wageni wamefika na ratiba zilizopangwa kwa tarehe za ndege, na yeye ndiye aliyezipanga upya kwa adabu, bila kumwaibisha mtu.

Kuna vidude vya kupimia joto la maji tunavyovifunga kwenye mwamba kwa vifungo vya plastiki. Kila kimoja ni kidogo, kinaenea kiganjani, na kinarekodi joto kila saa. Mara mbili kwa mwaka mzamiaji anakwenda kukitoa, tunakisoma kwenye kompyuta, kinarudishwa. Kwa maneno inaonekana kazi rahisi. Lakini baada ya miezi sita kidude kimefunikwa na mwani na sponji, kimekuwa rangi moja na mwamba. GPS inakufikisha karibu, halafu inakuacha na mita kadhaa za kutafuta, na masika yakishakoroga maji mita hizo ni nyingi sana. Nahodha anatia nanga mchangani, kamwe si juu ya tumbawe, analegeza kamba mpaka boti inakaa anapotaka, halafu anamwambia mzamiaji: shuka hapa, fuata ukingo mkono wako wa kulia, utakuta tumbawe duara lenye ufa, kitu chako kiko nyuma yake. Na kiko nyuma yake.

Anajuaje? Anapima kwa macho, kama walivyompimia wavuvi waliomlea. Kwa kituo kimoja cha Bawe alama zake zilikuwa mbili: ncha ya kisiwa chenyewe upande mmoja, na mjini, mnara wa saa wa Beit el Ajaib. Mnara ukikaa kushoto ya minara miwili ya Kanisa la Mtakatifu Yosefu kwa upana wa vidole viwili, mkono umenyooshwa, umefika. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya mbele ya Beit el Ajaib ikaporomoka na mnara ukaondoka nayo. Mji mzima ulilia kwa jengo lile, na kwa haki. Nahodha naye alikuwa na huzuni hiyo hiyo, na juu yake alikuwa na kazi ya kutafuta alama mpya. Alitoka na boti siku ya maji mafu akiwa na mzamiaji mmoja, wakakipata kituo, akakaa juu yake akiangalia mji mpaka akaridhika. Alama aliyoichagua ilikuwa kichwani mwake peke yake mpaka mwaka huu.

Hapo ndipo ninapotaka wakubwa zetu waniangalie usoni. Kipimo cha joto cha mwamba mmoja kina maana kwa sababu ya urefu wake. Mwaka 1998 bahari ilipopata moto kwa El Niño, ile hali ya bahari kuzidi joto, matumbawe yalipauka, yaani yalipoteza rangi yake, na mengi yakafa; Misali kule Pemba iliumia vibaya sana. Mwaka 2016 yakapauka tena. Tarehe 15 Aprili 2024 wanasayansi wa Marekani wanaofuatilia joto la bahari, pamoja na wenzao wa mtandao wa kimataifa wa miamba ya matumbawe, walitangaza kwamba dunia imeingia katika mpauko mkubwa wa nne, na sisi huku wakati huo tulikuwa tunatoka na boti kila hali ya hewa ilipotupa nafasi. Tumbawe linaanza kuteseka joto likizidi kwa nyuzi moja tu ule wastani wa mwezi wa moto kuliko yote, likakaa hivyo wiki kadhaa. Nyuzi moja. Huwezi kuiona nyuzi moja kama huna rekodi ya miaka iliyotangulia ya mahali pale pale. Ukihamisha kidude mita ishirini kwenye maji ya kina kingine, umeanza upya. Kwa hiyo vidole viwili vya mzee huyu ni sehemu ya sayansi yetu sawasawa na kompyuta, na tulikuwa karibu kumuaga navyo.

Alhamdulillahi, safari hii tumewahi. Kijana kutoka Kizimkazi ameajiriwa kabla mzee hajaondoka, na wamekuwa pamoja kwenye boti tangu kaskazi mpaka sasa kusi limeingia. Nilikwenda nao mara moja kuchukua maji ya sampuli. Mzee alikaa omo, mbele ya boti, mikono magotini, akamwacha kijana ashike usukani mwenyewe. Kijana akapunguza mashine, akaangalia mji, akaangalia kisiwa, akasema, "Hapa, mzee?" Mzee akamjibu, "Mimi sipo, mwanangu. Niulize kama mimi sipo." Kijana akazunguka tena, akatia nanga. Mzamiaji aliposhuka na kupandisha mkono wenye kidude, mzee akasema "haya" basi, lakini nilimwona akifuta macho kwa ncha ya kanga aliyokuwa amejifunga shingoni kwa ajili ya jua.

Na kila jioni wakirudi wanakaa na mkutubi wetu. Mzee anaeleza, kijana anachora, mkutubi anaandika: jina la kituo, alama za nchi kavu, aina ya chini, mkondo wakati maji yanajaa na wakati yanapwa, pa kutia nanga. Daftari hilo sasa lina kurasa nyingi na lina michoro mizuri kuliko ramani nyingine tunazonunua.

Maabara nako tumepata ajira mpya, binti wa Wete. Nimempa kazi ya kupima klorofili, rangi ya kijani ya mimea midogo ya majini, kwa sababu hiyo ndiyo inayomfundisha mtu subira. Unachuja lita ya maji ya bahari kwenye karatasi ya nyuzi za kioo, taa umezipunguza, maana mwanga unaiharibu rangi ya kijani tunayoitafuta. Karatasi inakunjwa katikati, upande wenye kijani ndani, inafungwa kwenye foili, inakwenda friza. Baadaye inaloweshwa kwenye asetoni ya asilimia 90 usiku kucha, ndipo inasomwa kwenye spektrofotometa, mashine ya kupima rangi kwa mwanga. Siku ya pili tu aliniuliza kwa nini ninaandika ujazo wa maji kwa penseli, si kwa kalamu, kwenye kibandiko cha foili. Nikamwonyesha: nikachovya kibandiko cha wino kwenye asetoni, herufi zote zikaenda. Hakusema kitu, akachukua kalamu zote zilizokuwa juu ya meza akazipeleka ofisini. Huyu atatufaa sana.

Anayekwenda masomoni ni mhadhiri msaidizi wetu wa nyasi bahari. Anakwenda Uswidi, nchi ambayo imetusaidia kusomesha watu wa bahari tangu miaka ya 1990, na wengi wa walimu wetu wamepitia huko. Ninamfurahia kwa moyo wangu wote. Amesota na Ghuba ya Chwaka, kwenye jua na tope la mikoko, akipima nyasi zilivyo nene na hewa ukaa inavyozikwa kwenye mchanga wake. Viwanja vyake vya kupimia vitasimamiwa na nani akiwa huko? Kwa sasa jibu ni wanawake wawili wa Chwaka waliokuwa wakimsaidia, ambao wanavijua kuliko mtu yeyote ofisini. Malipo yao yanategemea mradi, na mradi una mwisho. Nimelisema kikaoni na ninalirudia hapa: waingizwe kwenye bajeti ya taasisi, wapewe mkataba.

Aliyerudi ametoka Bremen na shahada ya uzamivu ya mambo ya uvuvi mdogo mdogo. Karibu nyumbani, ndugu yangu. Waliopandishwa vyeo nimeshawapongeza ana kwa ana.

Ninaposema watu wasiosoma sana wana sehemu katika sayansi sibuni jambo geni hapa Zanzibar. Kilimo cha mwani kilichoanza Paje na Jambiani mwaka 1989 kilisimama juu ya mabega ya wanawake, na wao ndio walioona mapema kwamba ile aina ya bei nzuri, kotonii, inaoza na kukatika maji yakizidi joto, wakati spinosamu inastahimili kidogo. Dkt. Flower Msuya wa taasisi yetu alijenga utafiti wake akiwa nao majini, wakajaribu kuupeleka mwani kwenye kina zaidi, wakatengeneza sabuni na mafuta ya mwani. Dkt. Narriman Jiddawi alifanya vivyo hivyo kwa lulu kule Fumba na Bweleo. Wote wawili walikuwa na desturi ya kukaa chini kwanza na kusikiliza. Desturi hiyo tunaidai wenyewe kwa wenyewe pia, ndani ya geti letu.

Kwa hiyo ombi langu kwa uongozi ni moja. Mtu wa boti, wa maabara, wa stoo ya vifaa, wa maktaba, akibakiza mwaka mmoja wa kustaafu, mrithi wake awe ameshaingia. Tarehe ya kustaafu haimshtukizi mtu, iko kwenye faili la masjala tangu siku alipoajiriwa. Ninajua vibali vya ajira vinachukua muda. Basi viombwe mapema. Na kwa watafiti: kwenye makala zenu, pale mnapoeleza namna kazi ilivyofanyika, elezeni kituo kilipatikana vipi na nani alikipata. Msimwache nahodha kwenye mstari wa mwisho wa shukrani.

Tulimuaga nahodha Jumamosi, kwa pilau, kachumbari na juisi ya ukwaju, na watoto wake walikuja wote. Alipopewa nafasi ya kusema aliomba kitu kimoja: vidude vya joto vikitolewa mwezi wa kumi, aitwe aje kutazama kutoka pwani. Mkurugenzi akamwambia ataitwa, na atapanda boti.

Daftari la nahodha limetufungua macho, na sasa tunatafuta mengine. Kama wewe, au baba yako, au mama yako, mlifanya kazi au mlisoma pale Mizingani miaka ya 1980 na 1990, angalieni makabati yenu. Tunahitaji madaftari ya safari za baharini, karatasi za plastiki za kuandikia chini ya maji, ramani zilizochorwa kwa mkono, picha zenye tarehe nyuma. Hata ukurasa wenye jina la mwamba, upepo na saa ya maji kupwa unatufaa. Mkutubi wetu anavipiga picha na kukurudishia chako siku hiyo hiyo. Yuko Buyu siku zote za kazi, asubuhi mpaka saa tisa na nusu. Lililoliwa na mende nalo lilete.