Mpanda farasi wa Hanover

"Baba, huyu aliyepanda farasi anakwenda wapi?"

Mwanangu alikuwa ameichokoa sarafu kwenye kopo la vifungo, ile ya kwanza kabisa, yenye tundu. Mara nikajiona nimesimama tena Belgrave Road, Leicester, Uingereza, mbele ya mizani ya sonara.

Niliinunua gulioni Jumapili moja kwa pauni 60 za makaratasi, moyo ukinidunda kama mwizi. Huku Malkia Victoria, huku mpanda farasi na joka, mwaka 1837. Pauni ya dhahabu si ndiyo yenye farasi na joka? Mama alikuwa nayo moja kwenye mkufu, akaiuza nikapata nauli ya kuja huku. Sasa namrudishia. Tamaa ilinifanya nisisome hata maandishi.

Sonara alikuwa mzee wa Kihindi aliyefukuzwa Uganda mwaka 1972, Kiswahili chake bado kizima. Hakuhangaika na tindikali ya kupimia dhahabu. Aliidondosha tu juu ya kioo cha kaunta, ikalia *tak*, kama kizibo cha soda. Akaiweka kwenye mizani. Pauni halisi ina karibu gramu 8. Hii ilikomea 3 na kitu. Akanisogezea lenzi.

"Soma, kijana."

TO HANOVER. Kwenda Hanover.

Alizijua. Victoria aliporithi kiti cha Uingereza mwaka 1837, sheria ya Hanover, ufalme wa Ujerumani uliokuwa na mfalme mmoja na Uingereza, ilimnyima kiti cha kule kwa kuwa ni mwanamke na wanaume wa ukoo wapo. Kikaenda kwa ami yake, Ernest Augustus, mtu ambaye Waingereza wengi hawakumpenda hata chembe. Wakamsindikiza kwa kejeli, kwa vipesa hivi vya shaba ya njano. Watu wakavitumia kuhesabia kwenye karata, na matapeli wakavipitisha gizani kama dhahabu. Mimi niliuziwa mchana kweupe.

Nikamwomba aitoboe hivyohivyo. Akanitazama sana. Akaitoboa, hakunitoza kitu.

Leo ninavyo 14, kila kimoja farasi wake ana sura yake. Nilianza kuvikusanya kwa hasira, nadhani, au kwa haya.

"Anakwenda Hanover," nikamjibu mtoto.

"Alifika?"

"Alifika. Akawa mfalme mpaka alipokufa, 1851."

Akanichungulia kupitia tundu, jicho moja kalifumba.

"Na tundu hili ni la nini?"

Nikamwambia arudishe kopo mahali pake, saa ya kulala imepita.